Toba Yangu ya Benchi la Nyuma

Mwaka jana, kwenye karamu ya arusi mjini Mbarara, Mama Debora alinishika mkono mbele ya wasichana watatu wa kwaya, akawaambia, "Huyu mama munamuona? Alitubu siku moja kule Kashojwa, kanisa yote ikalia. Mukitaka kujua kutubu ni nini, mumuulize yeye." Mama Debora amezeeka, magoti yamemchoka, lakini sauti yake bado ni ile iliyotuongoza zamani, na meza zote za jirani zilimsikia. Wasichana wakanitazama kwa heshima ambayo sikujua niiweke wapi. Nilikuwa na kipande cha nyama mdomoni. Ningeweza kukimeza nikasema neno. Nilikitafuna tu, nikakitafuna, mpaka mazungumzo yakahamia kwenye gauni la bibi arusi. Toba anayoisifu Mama Debora ilikuwa ya uongo. Dhambi niliyoitaja siku ile mbele ya watu sikuitenda, nilijua sikuitenda, na niliitaja kwa mdomo wangu mwenyewe bila kushikiwa fimbo. Naona aibu hata sasa ninapoandika.

Ulikuwa mwaka 2003, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Jinsi tulivyotoka Kivu ya Kusini sitaeleza. Wengi wameeleza, na sisi wenyewe tukikutana tunaeleza tena hata bila kuulizwa. Niliishi Kashojwa, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kwa huyo huyo Mama Debora, ambaye si ndugu yangu wa damu ila alinipokea nilipofika peke yangu. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, vyumba viwili, juu turubai, na jiko nyuma ambako kila jioni alisimama akitwanga sombe, majani ya muhogo, huku akiimba. Alikuwa prezida wa kwaya, nami nilikuwa sauti ya kwanza. Mtu ambaye hajaishi kambini hatajua kwaya ilikuwa nini kwetu. Hatukuwa na shamba la maana wala ukoo, na karatasi tulizokuwa nazo ziliandikwa na watu wengine. Ila Jumapili tulivaa kitenge cha aina moja, tukasimama mstari wa mbele, na kila aliyeingia kanisani alijua sisi ni nani. Mama akijifungua, kwaya ilipika. Mtu akifa, kwaya ilichimba kaburi na kulala msibani. Nje ya kwaya nilikuwa Riziki muuza samaki, na wauza samaki walikuwa wamejaa.

Samaki niliwanunua ziwani, nikawakausha kwa moshi, na mara mbili kwa wiki nikawapeleka Mbarara, kwenye nyumba za familia za wanajeshi. Wenzangu waliogopa kwenda huko. Sisi tulikuwa tumewakimbia watu wenye sare, na wengine hata leo wakiona kofia ya jeshi wanavuka barabara. Mimi pia niliogopa siku ya kwanza. Nilipiga hodi kwenye nyumba ya duara, ya mabati matupu, akatoka mwanamke mrefu aliyefunga mtoto mgongoni. Akachukua samaki wangu mmoja mmoja, akamnusa, akampitishia kidole gumba tumboni. "Hii ya juzi," akasema. "Hii ya juzi. Hii ni ya wiki ingine. Unaniletea mbaya juu sioni?" Nikamwambia sikujua kama haoni. Akacheka mpaka mtoto akaamka. "Sasa nani kipofu hapa, mimi ama wewe?" Hapo ndipo nilipoyatazama macho yake vizuri nikaona yamefunikwa na utando mweupe, yote mawili. Huyo alikuwa Mama Ankunda, mke wa sajenti. Alikuwa na miaka kama thelathini, na alikuwa anaona kivuli tu, kitu kinapita mbele ya mwanga.

Tulizoeana kwa urahisi uliowashangaza watu. Nilianza kuiacha nyumba yake iwe ya mwisho ili nikae. Alinifundisha kutengeneza eshabwe, ile samli inayopigwa mpaka iwe nyeupe, na alijua kwa mlio wa mwiko kama nimechoka. Alichagua maharagwe kwa vidole, mawe huku, maharagwe huku, akinisimulia habari za kwao Masha na ng'ombe wa baba yake, kila mmoja kwa jina na tabia zake. Kisha siku moja mtoto wake mdogo, aliyekuwa anaanza kutambaa, alishika jiko la makaa. Nilipofika nilimkuta mama ameketi chini, mkono wa mtoto ameutia kwenye beseni la maji, naye analia bila sauti. Hospitali ya Ruharo ilikuwa imempa tarehe ya kupasuliwa jicho la kwanza, miezi mitatu mbele. Sajenti alinisubiri nje. Alikuwa mtu wa haya, mfupi kuliko mke wake, akizungumza na mtu humtazama viatu. "Wewe unakuja, unarudi, unakuja, unarudi," akasema. "Kaa hapa na bibi yangu mpaka apasuliwe. Mimi nalala na watu ya geti. Hapa nakuja kula tu." Nikakubali. Nataka msomaji ajue kwamba nilikubali bila kujiuliza mara mbili, kwa sababu nimekuwa nikijiuliza tangu wakati ule: moyo uliokuwa na hakika namna hiyo ulikwenda wapi.

Sajenti alitimiza neno. Kwa miezi mitatu hakulala ndani ya nyumba ile. Mimi nililala nyuma ya pazia na Ankunda, msichana wao wa miaka minane aliyepiga mateke kama punda. Nilipika, nilifua, nilimpeleka mama msalani, na Jumapili moja kwa mwezi nilirudi Kashojwa kuimba. Mchana mabati yalipopata moto tulikaa nje upande wa kivuli, na majirani walisema maneno yao kwa sauti ya makusudi. Siku moja niliwasikia nikiwa naanika nguo. "Mama Ankunda, huyo Mukongo atakula bwana yako na wewe hauoni." Naye akajibu bila hata kuinua kichwa, vidole vikiendelea na maharagwe: "Mimi naona na masikio. Mtu ya kuiba inatembea polepole. Huyu sikia vile anatembea. Kama ng'ombe ya baba yangu, ile mzee." Wote wakacheka, nami nikacheka, na ni kweli nina miguu mizito. Walimcheka pia yeye, nilijua. Walimwona mjinga anayefuga mwizi wake mwenyewe. Hakujali. Alikuwa amekata shauri kuhusu mimi, na shauri lake halikuhitaji majirani.

Siku hiyo hiyo, au nyingine iliyofanana nayo, wanawake wawili wa Kashojwa walipita nyuma ya nyumba zile wakiuza unga wa muhogo. Mimi nilikuwa na shati la jeshi mikononi, nalikung'uta nilitundike kambani. Tukasalimiana vizuri. Hawakuuliza kitu, nami sikueleza kitu, na katika mwaka ule wote hilo ndilo kosa pekee ambalo naweza kulisamehe, maana sikujua kama ni kosa. Kwetu, mwanamke akifua nguo za mwanaume asiye baba yake wala kaka yake, habari imekwisha. Na nguo zenyewe zikiwa za jeshi, imekwisha vibaya. Nilipokwenda Kashojwa Jumapili iliyofuata Mama Debora hakuniruhusu hata kukaa. "Juu ya basoda tuliacha manyumba yetu," akasema, na basoda kwetu ni wanajeshi. "Juu ya basoda tulizika bantu njiani. Na wewe unaenda kule kubafulia manguo?" Nikamweleza yote: macho, mtoto, jiko, pazia, Sajenti kulala getini. Alisikiliza mpaka mwisho. "Mimi naweza kukuamini," akasema. "Lakini bantu je? Bantu nitabaambia nini?"

Ujumbe wa wazee wa kanisa ulinifuata mpaka Ruharo. Mama Ankunda alipasuliwa Ijumaa, na Jumamosi asubuhi nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake, jicho lake la kulia limefunikwa, wakati mwenzangu muuza samaki alipoingia wodini na kuniambia niwe kanisani kesho, ama nisirudi kabisa. Mama Ankunda alisikia. Alikuwa na furaha ya mtoto siku ile, hakuwa anaweza kutulia. "Kesho wanafungua hii kitu," akaniambia. "Mimi nataka uso ya kwanza iwe yako. Nimechoka kukuwaza. Kwa kichwa yangu wewe iko mnene sana." Nikamwambia mimi ni mwembamba, ataona mwenyewe, nitarudi Jumatatu. Akanishika mkono, akaupapasa kama alivyowapapasa samaki. "Nenda, nyabo. Waambie ukweli, basi." Ukweli, basi. Kwake lilikuwa jambo jepesi namna hiyo.

Sikurudi Jumatatu. Kanisa letu lilikuwa na desturi ambayo wengine wetu tumekwenda nayo mpaka tulikohamia. Aliyeanguka aliketi benchi la nyuma, karibu na mlango. Haimbi, hashiriki meza ya Bwana, hapewi mkono. Anakaa hapo mpaka siku atakaposimama mbele na kuitaja dhambi yake kwa jina. Akiitaja, imekwisha: watu wanalia, wanamkumbatia, wanampikia, na kuanzia siku hiyo ni marufuku mtu kumkumbusha. Ni desturi yenye huruma, sitaki kuisingizia. Nimeona walevi na wezi wakisimama pale na kurudi kwenye maisha. Shida yake niliigundua nilipoketi mimi. Waliniwekea benchi na kunikataza Mbarara, na baada ya wiki tatu nilisimama mbele nikasema, "Kama kuna mtu nimemukwaza, anisamehe." Hakuna aliyelia. Mchungaji, mtu mpole ambaye hakuwahi kunipandishia sauti, aliniita pembeni baada ya ibada. "Riziki, 'kama' haiko toba," akaniambia. "Taja." Nikamwambia sina cha kutaja, mchungaji, sikufanya. Akajishika kidevu. Niliona anataabika kweli. "Mwenye ameanguka najua kumuinua," akasema. "Mwenye anasema hakuanguka, nitamushika wapi?"

Nilikaa benchi lile miezi minne. Mwanzoni niliona fahari fulani, nitasema kweli. Nilinyoosha mgongo. Nilijiambia Mungu anajua, Mama Ankunda anajua, Sajenti anajua, inatosha. Haikutosha. Kwenye foleni ya maji watu walisogeza madumu yao kidogo nikifika, kidogo tu, huwezi hata kulalamika. Wasichana wa kwaya waliacha kuja kusuka nywele nyumbani kwetu. Mtoto wa jirani alizaliwa, kwaya ikapika, nami nikasikia nyimbo zangu nikiwa upande wa pili wa ukuta wa udongo, msichana mwingine akiimba sauti ya kwanza na kuikosea mahali pale pale kila mara. Jambo la ajabu ni kwamba watu wakikutazama kwa namna moja kila siku, unaanza kujitazama hivyo. Ilifika wakati nikakumbuka lile shati la jeshi na kuona haya, kana kwamba kweli kulikuwa na kitu ndani yake. Jioni moja Mama Debora alikuwa anatwanga sombe, nami namenya kitunguu, akaweka mchi chini. "Mutoto wangu," akasema, "hiyo shingo ngumu itakusaidia nini? Korali inapata manguo mapya. Tunaenda kuimba siku ya kufungua kanisa mupya. Sema tu. Bantu banataka kukusamehe, wewe ndiyo unabakataza." Alikuwa analia. Alinipenda, hilo halina ubishi. "Nitakuwa nimesema uongo," nikamwambia. "Ni jina yako," akasema. "Unaharibu jina yako peke yako, na wao banakurudishia."

Jina langu tu, si la mtu mwingine. Nililala na neno hilo kama siku tatu, na Jumapili nikasimama. Sikumtaja Sajenti kwa jina, nilijiona mwangalifu. Nilisema nilianguka na mwanajeshi mmoja kule Mbarara, katika nyumba ambamo nilipewa kazi. Nililia, na machozi yalikuwa ya kweli, kwa hiyo kila mtu aliamini. Nilisikia kilio kikianza nyuma na kuja mbele mpaka kikanifikia, wanawake wakanizunguka, mtu akanifunga kitenge chake kiunoni, na Mama Debora akaanza wimbo. Niseme na hili: ilikuwa tamu. Jioni ile kulikuwa na ugali wa muhogo, sombe, samaki, hata nyama ya mbuzi, na watu ishirini uani kwetu, wanacheka na mimi. Nilikula mpaka tumbo likauma. Sikumfikiria Mama Ankunda hata mara moja. Naandika sentensi hiyo na kuiacha kama ilivyo.

Habari ilifika kambi ya jeshi kabla yangu. Wanawake wa unga wa muhogo waliipeleka, si kwa ubaya; waliipeleka kama ushuhuda. Nilipokwenda na samaki wiki mbili baadaye, sasa nikiwa huru kwenda popote, Sajenti alinikuta getini. Kwa mara ya kwanza alinitazama usoni. "Bibi amekwenda kwao Masha," akasema. "Na watoto." Nikaanza kusema, akainua mkono. "Ile maneno ya watu, yeye alikataa. Miezi yote wanamwambia, anakataa. Mimi naapa, anasema hapana kuapa, mimi najua. Sasa wanamwambia wewe mwenyewe umesema, kanisani. Mimi naapa tena. Ananiuliza, huyo amesema mbele ya Mungu, wewe unaapa mbele ya nani?" Akarudi kutazama viatu vyangu. "Afande, nitakwenda nimwambie," nikasema. "Enda," akasema, na akaingia ndani ya geti.

Nilimkuta Masha mchana, uani kwa baba yake, ameketi kwenye mkeka anapepeta ulezi. Aliinua macho, yote mawili sasa meusi na safi, akanitazama kama anavyotazamwa mgeni aliyepotea njia. Akanisalimia kwa Kinyankole. Nilipojibu kwa Kiswahili ungo ukatulia mikononi mwake. "Kumbe wewe iko mwembamba kweli," akasema. Nilipiga magoti nikamwambia kila kitu: benchi, madumu ya maji, mchungaji, kwaya, Mama Debora. Nikamwambia nilidanganya kanisa, kwamba mume wake hakunigusa hata mkono. Alinisikiliza macho ameyafumba. Nilidhani ni hasira, kisha nikaelewa kwamba alikuwa ananisikiliza kwa namna aliyozoea kunijua. "Sema tena," akasema, na nikasema tena. Akafumbua. "Sauti ni ile ile," akasema. "Lakini ulisema kwa Mungu kitu moja, na kwa mimi unasema kitu ingine. Nikamate gani? Hawa bibi za barakisi walinicheka. Kila siku. Mimi nilisema huyu namjua, hata mucheke. Mimi peke yangu. Sasa wamecheka vizuri."

Alinyanyuka akaniletea maziwa kwenye kikombe cha wageni. Alisubiri nimalize. "Kwa kanisa umewaambia kama ni uongo?" akaniuliza. Nikasema bado. "Basi anza na wao," akasema. "Simama pale pale ulisimama. Waambie hii unaniambia mimi. Ukimaliza, rudi hapa, nitaamini, na mimi nitachukua watoto turudi kwa baba yao. Mimi siendi mbali." Hakusema kwa ukali. Alinisindikiza mpaka barabarani akitazama kila kitu njiani, majani, mawe, mbuzi wa watu, na tulipoagana alinishika mkono.

Jumamosi hiyo kwaya iligawiwa vitenge vipya, vya kijani vyenye maua ya njano. Jumapili kanisa jipya lilijaa mpaka madirishani. Kabla ya mahubiri mchungaji aliuliza kama ilivyokuwa kawaida yake, "Nani ana neno?" Nilikuwa nimesimama mstari wa mbele, hatua nne kutoka mahali wanaposimama wanaotubu. Nilimtazama Mama Debora, naye akanitabasamia, akaninyooshea kola. Mchungaji akasubiri kidogo, akasema, "Basi, kwaya," na nikaanza wimbo. Watu walisema baadaye kwamba hatujawahi kuimba vizuri kama siku ile. Nilijiambia nitasema Jumapili inayofuata, kisha ile ya baada yake. Nilibaki Nakivale miaka minane zaidi, na barabara ya Mbarara inapita Masha. Kila nilipopanda gari nilijiuliza kwanza nyumba za akina Mama Ankunda zitakuwa upande gani, kana kwamba sijui, kisha nikakaa upande wa pili.